Darasa la jioni la Kiingereza cha kuwaandikia wageni, Malindi

Darasa hili, linalofanyika mjini Malindi kwa ajili ya wafanyakazi wa nyumba za wageni, waongozaji watalii na manahodha wa boti za vioo, linastahili ada yake, hasa kwa kipindi cha namna ya kumkubalia mteja kwa maandishi. Wengi wetu tumekiokota Kiingereza ufukweni kwa kusikia, na hukiandika kama tulivyokisikia, ndiyo maana "yeah", "yep" na "sure" hujaa katika majibu yetu.

Mwalimu aliandika ubaoni ujumbe wa mgeni aliyeuliza mambo mawili kwa pamoja: kama safari ya kutazama matumbawe katika Hifadhi ya Bahari itaondoka wakati wa maji kupwa, na kama bei aliyotajiwa ni pamoja na ada ya kuingia hifadhini. Chini yake palikuwa na jibu, "yeah, sure". Likisemwa na nahodha anayetabasamu halina kasoro. Likiandikwa, halionyeshi ni swali lipi lililokubaliwa, na mgeni akidaiwa langoni ada aliyodhani ameshailipa, ugomvi humwangukia nahodha. Tulifundishwa kulitaja ndani ya jibu jambo lenyewe tunalolikubali, pamoja na saa na bei, na kwangu zoezi hilo peke yake lilitosha.

Tahajia nayo ilifafanuliwa vizuri. Wanaoandika "yea" wakikusudia "yeah" huwa wameandika kura ya ndiyo ya Kiingereza cha kale, na "yay" ni ukelele wa furaha, usiofaa kumjibu anayeulizia malipo ya awali.

Nisilokubaliana nalo ni kupigwa marufuku kwa "OK", eti kwa kuwa ni neno la mdomoni. Neno hilo lilichapishwa katika gazeti moja la Boston tarehe 23 Machi 1839, likiwa kifupisho cha utani cha maneno yaliyokosewa tahajia makusudi, kwa hiyo kulifukuza katika maandishi ni kulionea. Zaidi ya hayo, mpishi akimwandikia meneja kwamba samaki wamefika, neno hilo linamtosha. Akijibiwa kwa Kiingereza cha mahakamani, atajiuliza amekosa nini.

Chumba kina joto na nakala za mazoezi zimefifia. Anayeanza Kiingereza kabisa atapata shida hapa, kwa sababu mwalimu huchukulia kwamba kuzungumza unakujua tayari.