Shule ya Polisi Moshi: nimeipima kwa kalamu

Wenyeji wa Moshi bado tunaiita CCP, yaani Chuo Cha Polisi, ingawa jina lake la sasa ni Shule ya Polisi Tanzania. Nimeishi mji huu tangu ujana, na kwa miaka 31 nilikuwa karani wa mahakama, kwanza Mahakama ya Mwanzo, baadaye ya Wilaya. Depo, yaani shule hiyo, sikusoma hata siku moja. Lakini kazi za waliosoma pale zilipita mezani kwangu kila asubuhi: hati za mashtaka, maelezo ya mashahidi, PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi kupelekwa hospitali), hati za upekuzi, vielelezo vilivyofungwa kamba na kubandikwa karatasi. Anayepokea magunia ya kahawa kwa miaka 31 anajua shamba gani linapaliliwa, hata kama hajalikanyaga. Ndivyo ninavyoijua shule hii.

Mwaka jana nimeijua kwa njia nyingine. Binti wa marehemu kaka yangu, ambaye nimemlea tangu akiwa darasa la tatu, alimaliza mafunzo ya awali pale. Wazazi kadhaa wa mtaani kwetu Majengo wameniuliza kama wawaruhusu watoto wao waombe nafasi zikitangazwa. Nimeona niandike mara moja, kila mtu asome.

Kwanza wasiojua waelewe ni shule ya nini. Askari anayeanzia chini kabisa, yule atakayekuwa Konstebo, hupikwa Moshi. Pale pia hurudi askari wa zamani kusomea ukoplo na usajenti. Anayepandishwa kuwa Mkaguzi Msaidizi kwa kawaida hupelekwa chuo cha Kurasini, Dar es Salaam. Kwa hiyo yule askari unayemkuta kaunta ya kituo saa nane za usiku, wewe umeibiwa na unatetemeka, huenda alijifunza kazi hapa kwetu chini ya mlima. Ofisa mwenye nyota mabegani utamwona mara chache maishani. Konstebo utamwona siku yako mbaya kuliko zote.

Sherehe ya binti yetu ya kufunga mafunzo nilihudhuria na mama yake na shangazi zake wawili kutoka Kibosho. Tulifika mapema, tukapata nafasi kivulini, na mlima ulikuwa umefunuka wote, Kibo nyeupe juu ya vichwa vya vijana. Gwaride lao lilinitoa machozi na sioni sababu ya kuficha. Mwendo wa pole, kisha mwendo wa haraka, mistari imenyooka kama iliyopigwa kwa rula, bendi inapiga, vumbi linapanda hadi magotini. Walipokula kiapo kwa sauti moja, shangazi mkubwa alinishika mkono akasema, “Huyu si yule aliyekuwa anaogopa giza?” Ndiye. Alikwenda akiwa mtoto wa kuamshwa mara tatu, akarudi anaamka saa kumi na moja bila saa, anatandika kitanda kabla hajanena neno.

Nidhamu hiyo wazazi wote huisifu, nami naisifu, ila sitakaa hapo. Gwaride linafundisha watu mia kufanya jambo moja kwa wakati mmoja. Kazi ya polisi, kwa nilivyoiona kutoka upande wa mahakama, kwa sehemu kubwa ni mtu mmoja, mezani, na kalamu, mbele ya mtu aliyeumia. Hiyo ndiyo kazi niliyotaka kuona kama shule inaifundisha.

Alipokuja likizo fupi kabla ya kuripoti kituo alichopangiwa, nilimwomba anionyeshe madaftari yake. Yalikuwa manne, mwandiko wake umebana. Ndani mlikuwa na Kanuni ya Adhabu, mwenendo wa makosa ya jinai, ushahidi, taratibu za kazi za polisi, haki za binadamu, usalama barabarani, polisi jamii, huduma ya kwanza. Nilisoma kurasa za mwenendo wa jinai taratibu, kama nilivyokuwa nikisoma majalada. Alikuwa ameandika kwamba mtuhumiwa huhojiwa ndani ya muda wa msingi wa saa 4 tangu awekwe chini ya ulinzi, na kwamba muda huo huongezwa kwa utaratibu wa sheria, askari hajiongezei kwa sababu amechoka au mtuhumiwa ni mbishi. Ameandika onyo analopaswa kupewa mtuhumiwa, na haki yake ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Pembeni, kwa wino mwekundu: “Bila onyo, maelezo hayana kazi.” Nilifurahi kuliko nilivyofurahi uwanjani.

Lakini daftari ni daftari. Nikaamua kumpima.

“Mama,” nikamwambia, “mimi ni mlalamikaji. Nimeibiwa mbuzi jana usiku. Chukua maelezo yangu.”

Akanitazama kuona kama namtania. Alipoona niko makini, akaenda kuleta karatasi, akavuta kiti, akanipa pole. Kumbuka hilo: alianza na pole. Kisha jina, umri, kabila, dini, kazi, makazi, kama fomu inavyotaka. Nikamwambia niliona mtu akitoka zizini na nikamtambua ni jirani. Hapo ndipo nilipotaka kuona. Kuna hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1980 ambayo mawakili wetu huitaja mpaka leo kwenye kesi za utambuzi wa usiku: umemwona kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga upi, na je, ulikuwa unamfahamu kabla. Majalada mangapi nimeona yameandikwa tu “nilimtambua kwa mwanga wa taa”, basi! Taa ipi? Iko wapi? Inamulika upande gani?

Yeye aliuliza. “Baba mdogo, taa ilikuwa ya umeme au ya sola? Imefungwa wapi? Kutoka uliposimama hadi zizini ni hatua ngapi?” Akainuka, akaenda nje, akahesabu hatua mwenyewe. Zilikuwa 14. Akarudi akaandika 14. Akauliza mbuzi ana alama gani, nikamwambia sikio la kushoto lina mkato. Mwishoni akanisomea yote kwa sauti, akaniuliza kama kuna la kuongeza au kurekebisha, akanipa nitie sahihi kila ukurasa.

Kosa lilikuwa moja. Mimi nilisema “mtu”, yeye akaandika “mtuhumiwa”. Nikamwonyesha. Akataka kuchukua karatasi mpya aandike upya, halafu akajizuia mwenyewe, akakata neno kwa mstari mmoja unaosomeka, akaandika “mtu” juu yake, akaniomba niweke sahihi fupi pembeni. Hilo halikuwa kwenye daftari lake. Nilipomuuliza kalitoa wapi, akasema mkufunzi wao mmoja aliwarudishia kazi darasa zima kwa sababu ya kufutafuta. Mkufunzi huyo simjui jina wala sura. Popote alipo, namshukuru.

Kwa nini nashikilia jambo dogo kama hili? Miaka mingi iliyopita, mama mmoja mjane wa hapa mjini aliibiwa cherehani. Ndiyo iliyokuwa inalisha watoto wake. Cherehani ikapatikana, kijana akakamatwa nayo, kesi ikaletwa. Askari wa kituo kimoja, nacho sikitaji, alikuwa ameichukua bila kujaza hati ya ukamataji mali ipasavyo: hakuna sahihi ya shahidi, hakuna maandishi ya nani aliikabidhi kwa nani mpaka ikafika mahakamani. Mahakama ya Rufani imesisitiza mara nyingi umuhimu wa kielelezo kuwa na mfululizo wa maandishi tangu kinapokamatwa. Wakili wa utetezi aliuliza maswali manne tu. Kijana akaachiwa. Mimi ndiye niliyepiga muhuri nakala ya hukumu. Yule mama alinifuata dirishani akauliza, “Mwanangu, kwani mimi sikusema kweli?” Alikuwa amesema kweli. Maandishi ndiyo yaliyomwangusha, na asiyejaza karatasi hakuwepo siku hiyo kuona uso wake.

Zamani, hata mwendesha mashtaka mwenyewe alikuwa polisi, inspekta mwenye mkoba wa majalada, na makosa ya kituo aliyaziba kwa kusimama na kueleza. Siku hizi wapo mawakili wa serikali kutoka Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Wao hawakuwepo kituoni. Wanategemea kilichoandikwa na Konstebo. Uzito wa kalamu yake umeongezeka.

Sasa niseme ninachotaka kiongezwe.

Tume ya Haki Jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi ripoti yake kwa Rais Julai 2023, na moja ya mapendekezo yake ni Jeshi la Polisi lisukwe upya liwe chombo cha kutoa huduma. Naliunga mkono kwa moyo wote. Pa kuanzia ni kwenye ratiba ya siku ya kuruti. Sitaki gwaride lifutwe. Linawapa vijana kifua, linawapa kusubiri amri, linawapa kuvumilia jua. Lakini ningependa kila kuruti aandike maelezo ya watu halisi kwa wiki nyingi kabla hajapewa namba: wauza ndizi wa Mbuyuni, madereva wa bodaboda, bibi wa Old Moshi anayechanganya Kiswahili na Kichagga, mtoto, mlevi, kiziwi mwenye mkalimani. Darasani wanaandikiana wenyewe kwa wenyewe, na kuruti mwenzako anajibu vizuri kwa mpangilio. Mwananchi aliyeumia hajibu kwa mpangilio. Anaanzia mwisho, anaruka, analia, anarudi kwenye jambo la mwaka juzi.

La pili linahusu kinachofuata baada ya shule. Depo inafundisha, halafu kituo kinafundisha upya. Nimeona vijana wakija mahakamani miezi ya kwanza na karatasi safi, na mwaka wa pili karatasi zao zinafanana na za wakongwe waliokata tamaa. Haya nayasema kwa ujumla, kwa miaka yote ile. Mkongwe anamwambia kijana, “Hayo ya Moshi yaache Moshi.” Neno hilo limeharibu kesi nyingi kuliko ujinga wowote. Natamani wakufunzi wawafuate wanafunzi wao vituoni mwaka wa kwanza wote, wakae nao kaunta, wasome majalada yao, wawarudishie kama yule mkufunzi wa kufutafuta. Jeshi hili lilianza Lushoto mwaka 1919, na Septemba 2024 Rais Samia alikuwa hapa hapa shuleni kufunga maadhimisho ya miaka 60 tangu liwe jeshi la Muungano. Chombo chenye umri huo kinaweza kumfuata kijana wake kwa miezi 12.

Kwa wazazi walioniuliza: ndiyo, mruhusu, ikiwa anataka yeye mwenyewe. Asiende kwa sababu ajira zimekuwa ngumu. Mwandae mwili, akimbie asubuhi kuanzia sasa, na mwandae mwandiko. Mpe daftari aandike habari ya kila siku, nani alisema nini, saa ngapi, wapi. Simu yake usiitegemee akiwa mafunzoni, zoea ukimya. Wetu alirudi amepungua kilo na ngozi imekolea jua, na alikula machalari, ndizi zetu za kupikwa na nyama, sahani tatu, mama yake akamtazama tu. Siku ya sherehe beba maji, kofia na kitambulisho, na wazee wapewe nafasi mbele.

Nikiombwa nyota, naipa nne kati ya tano. Ya tano naiweka kituoni, kwa kuwa huko ndiko itakakopatikana au kukosekana.

Binti yetu yuko kazini sasa, mkoa mwingine, sitautaja. Mwezi uliopita alinipigia saa tano za usiku. Shikamoo yake ilikuwa ya haraka. Alikuwa na mtoto wa miaka saba mbele yake, pamoja na mama wa mtoto na askari mwenzake wa Dawati la Jinsia na Watoto. Mtoto alitumia neno la kitoto kwa kilichomtokea, neno la nyumbani kwao.

“Baba mdogo, nimemuuliza dawati, naye anasema hivyo hivyo, lakini nataka nisikie na kwako. Niandike neno lake au niweke la kitabuni?”

“Andika lake,” nikamwambia. “Kama alivyolitamka.”

“Nimeshaliandika,” akasema. “Nilitaka tu kuhakikisha.” Akakata simu, akarudi kwa mtoto.