SUV ndogo ya zamani: kabla ya kufungua boneti, pima matairi

Gari langu la kwanza la fowili, yaani lenye nguvu ya injini mbele na nyuma, nililinunua kwa macho. Injini ilikuwa imeoshwa ikang'aa, viti havijachanika, kiyoyozi kinapuliza baridi ya kutosha, na muuzaji akanionyesha kwa fahari matairi mawili mapya ya mbele ambayo bado yalikuwa na vile vinyweleo vya mpira kutoka kiwandani. Nilifurahi, nikaona gharama moja imepungua. Baada ya miezi minne, kila nikikata kona ya kuegesha, gari linajishika kama mtu amevuta breki ya mkono nusu, halafu linaachia kwa mshtuko. Fundi akaingia chini na tochi, akaniita nione. Kapulingi ya katikati, inayopeleka nguvu nyuma, ilikuwa imeungua. Mafuta yake yalipita kwenye sili yakakauka meusi juu ya ganda. Kisha akanionyesha saizi zilizoandikwa ubavuni mwa matairi: mbele 215/65R16, nyuma 215/70R16. Jina la gari silitaji, maana kosa halikuwa la kiwanda.

Kwa hiyo mwongozo huu hauhusu ulaji wa mafuta, ukubwa wa buti wala redio. Hayo kila mtu atakueleza, hata usipomuuliza. Mimi nazipanga SUV ndogo za zamani kwa swali moja tu: mfumo wake wa fowili unastahimili vipi matairi yasiyolingana, na utajuaje kama mwenye gari wa kwanza ameshauua?

Tufanye hesabu, kwa sababu bila hesabu watu huona namtia mtu hofu bure. Tairi la 215/70R16 lina kipenyo cha milimita 707. La 215/65R16 lina milimita 686. Ukiyaweka sambamba jicho halioni kitu. Lakini katika kilomita moja tairi kubwa linazunguka kama mara 450, na dogo mara 464. Tofauti ni mizunguko 14 kwa kila kilomita, na safari ya kilomita 100 ni mizunguko 1,400. Hata saizi zikiwa moja, tairi jipya lenye meno ya milimita 8 likifungwa mhimili mmoja na mwenzake wa mhimili wa pili amebaki na milimita 3, tofauti inafika mizunguko sita na zaidi kwa kilomita. Subaru wanataka tofauti ya mzingo kati ya matairi isizidi robo inchi, yaani milimita 6 na kidogo. Tairi jipya na lililochakaa hivyo yamepishana kwa milimita 31.

Hiyo tofauti lazima iishie mahali. Kwenye baadhi ya magari ya aina hii inaishia kwenye kapulingi: kopo lililofungwa, ndani lina sahani nyembamba zilizopangana, nusu zimeshikana na upande wa mbele, nusu na upande wa nyuma, zote zimezama kwenye mafuta mazito ya silikoni. Mbele na nyuma zikienda mwendo mmoja, kopo limepumzika. Magurudumu ya mbele yakiteleza kwenye matope, sahani zinapishana kwa kasi, mafuta yanapata joto na kukaza, nguvu inahamia nyuma. Kazi hiyo imekusudiwa kudumu kwa muda mfupi, hadi utoke kwenye matope. Ukilifungia gari matairi yasiyolingana, kopo linafanya kazi hiyo kutwa nzima kwenye lami kavu, hadi linagandamana moja kwa moja. Hapo ndipo difu (gia zinazoruhusu pande mbili kuzunguka kwa kasi tofauti), giaboksi na viungo vya shafti vinaanza kulipa.

Siku hizi nikienda kuangalia gari nachukua chaki, rula fupi na futi ya fundi cherehani. Kwanza nasoma saizi kwenye matairi manne, nazilinganisha na kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Halafu nakwenda nyuma kwenye tairi la akiba, ambalo kwenye Escudo, RAV4 na CR-V za zamani limening'inia mlangoni. Hilo ni shahidi mzuri, kwa sababu wauzaji wengi hulisahau. Kama la akiba ni saizi tofauti na yale manne, uliza mengine yalibadilishwa lini na kwa nini. Nasoma pia tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT, iliyo ubavuni mwa tairi: 3214 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2014. Matairi manne, kila moja la mwaka wake, yamenunuliwa mojamoja.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha chaki. Gari likiwa limesimama kwenye sakafu ngumu iliyonyooka, chora mstari chini kabisa ya kila tairi, pale linapogusa ardhi. Mwombe mwenzako aliendeshe polepole mbele bila kukata stelingi hata kidogo, wewe ukitembea kando na kuhesabu mizunguko 20 ya tairi moja. Ni kama mita 45 tu. Likisimama, zunguka uangalie mistari. Matairi yakilingana, yote manne yana chaki chini. Kwa saizi nilizouziwa mimi, mstari wa mbele ungekuwa umepita zaidi ya nusu mzunguko, umesimama juu karibu na bodi. Mtu yeyote anaona hilo bila kuwa fundi.

Baada ya hapo, zima redio, shusha vioo, kata stelingi hadi mwisho na zungusha gari polepole kwenye ardhi kavu, kulia kisha kushoto. Sikiliza na uhisi. Gari lisilo na tatizo linakwenda laini. Lililoumia linajikaza, linaruka, au linatoa mngurumo nyuma kama ng'ombe anayelalamika.

Sasa magari yenyewe.

Namba moja ni Suzuki Escudo, ambayo kwingine inaitwa Grand Vitara, na sioni aibu kusema naipendelea. Toleo la 1998 hadi 2005 lina chesisi ya ngazi kama lori dogo, na nyingi zina fowili ya kuchagua mwenyewe. Ukiwa kwenye 2H mhimili wa mbele haupati nguvu, kwa hiyo mbele na nyuma hazina kamba ya kuvutana. Aliyetangulia angeweza kukosea matairi miaka mitano na asiue chochote cha maana, mradi hakuwa anaweka 4H, inayofunga mbele na nyuma pamoja, kwenye lami kavu. Muulize swali hilo hasa, na usikilize anavyojibu. Akikwambia "huwa naiacha kwenye 4H ili gari litulie barabarani," mshukuru uondoke. Toleo lililoanza 2005, lile lenye swichi ya 4H, 4H LOCK na 4L LOCK, lina fowili ya kudumu, lakini katikati yake kuna difu ya gia inayovumilia tofauti ndogo bila kupata homa. Yote mawili yana gia nzito za mlimani, kitu ambacho wapinzani wake wengi kwenye orodha hii hawana.

Kasoro zake nazijua. Injini ya 2.0, J20A, inatumia cheni ya taimingi, na vikaza cheni vikichoka utasikia kelele za vyuma sekunde za kwanza asubuhi. Nenda ukaliwashe likiwa baridi, na ukikuta muuzaji ameshalipasha moto, rudi siku nyingine bila kumwarifu. Kwenye toleo la 2005 sikiliza difu ya mbele kama inavuma. Angalia kutu kwenye chesisi upande wa nyuma. Na ndiyo, inakunywa mafuta kuliko wenzake. Mimi nakubali kulipa hilo kidogokidogo kuliko kulipa kapulingi kwa mkupuo.

Namba mbili ni Toyota RAV4 ya 2000 hadi 2005. Fowili yake ni ya kudumu, ina difu ya katikati ikisaidiwa na kapulingi ya silikoni. Ni gari imara na spea zake hazisumbui, ila kwa matairi haisamehi kama Suzuki. Tahadhari moja: kuna RAV4 nyingi za magurudumu mawili tu, na kwa nje zinafanana. Inama utazame nyuma. Pasipo propela (shafti ndefu ya kupeleka nguvu nyuma) na difu hapo, unanunua umbo la fowili. Ya dizeli, D-4D, ina mkanda wa taimingi. Uliza ulibadilishwa lini, na jibu bila risiti lihesabu kama haukubadilishwa.

Honda CR-V ya 2001 hadi 2006 naiweka ya tatu, ingawa injini zake za K20 na K24 ni tamu kuliko zote hapa. Difu yake ya nyuma ina pampu mbili za mafuta, moja inazungushwa na magurudumu ya mbele, nyingine na ya nyuma. Mbele ikienda kasi kuliko nyuma, presha inapanda na kufunga klachi inayoyapa nguvu magurudumu ya nyuma. Ukifunga matairi madogo mbele, difu inaamini unateleza saa zote. Habari njema ni kwamba ule mngurumo wa kwenye kona mara nyingi unaondoka kwa kubadilisha mafuta ya difu, ila yawe yale maalumu ya Honda ya pampu mbili. Fundi akitia mafuta ya difu ya kawaida, umerudi ulikotoka.

Nissan X-Trail ya kwanza, T30, ina swichi ya 2WD (nguvu mbele tu), AUTO (nyuma inajiunga yenyewe) na LOCK, na ndiyo inayonitia wasiwasi: muuzaji anakupa gari likiwa 2WD, linakwenda laini, unatoa pesa. Jaribio la kuzunguka lifanye kwenye AUTO. Injini zake za petroli, QR20 na QR25, zinajulikana kwa kula oili, basi chomoa kipimo kabla ya kuwasha.

Subaru Forester ninaiheshimu, lakini ni ya mtu anayenunua matairi manne kwa mpigo, hata moja likipasuka. Kwenye zile za giaboksi ya otomatiki za zamani kuna sehemu ya fyuzi iliyoandikwa FWD chini ya boneti. Ukiweka fyuzi hapo, nguvu ya nyuma inakatwa. Gari likijishika kwenye kona na likaacha baada ya fyuzi, klachi ya nyuma ndiyo mgonjwa. Ukikuta muuzaji ameiacha fyuzi hapo, ujue anajua.

Za bei ya kutupa, mfano Freelander ya kwanza: nyingi zimeshaondolewa propela na kapulingi yake. Tazama chini. Gasketi ya hedi ya injini ya petroli ya 1.8 nayo ina sifa mbaya. Sina zaidi.

Kwa wanaotaka kuinua gari na kufunga matairi ya kashata, yale ya meno makubwa: badilisha yote, pamoja na la akiba, na uliingize la akiba kwenye mzunguko wa kuhamisha matairi ili yachakae pamoja. La akiba ambalo halijagusa ardhi miaka kumi, ukilifunga na matatu yaliyochakaa, ni kosa lilelile. Kuinua kwa inchi mbili kunabadilisha pembe ya shafti za mbele, na viungo vyake huchakaa haraka. Inchi moja inatosha watu wengi.

Ninachokereka nacho zaidi ni neno "fowili" kutumika kupandisha bei ya gari ambalo fowili yake imekufa au imefunguliwa. Ukiuliza, unaambiwa "hii haihitaji, barabara ni nzuri." Basi ondoa nyongeza uliyoiweka kwa jina hilo! Wauza matairi nao wanachangia: mtu anaingia na gari la magurudumu manne, anauziwa mawili, na hakuna anayemwambia neno. Majuzi nilikwenda kuona RAV4 safi kabisa. Nilipotoa chaki, mwenye gari akauliza kama nimekuja kununua au kuchora. Nikamwambia nahitaji mita 45 tu. Akakataa gari lisiendeshwe hadi nilipe kwanza. Nikainama kabla ya kuondoka, nikasoma ubavuni: mbele 215, nyuma 225.