Wenye amplifaya za valvu Tanga, fundi wenu yupo Ngamiani

Kama una amplifaya ya valvu hapa Tanga, yani ile inayokuza sauti ya gitaa kwa zile taa za kioo ndani, na inakuungurumia, ama toni imekauka na hujui shida iko wapi, usikimbilie kununua valvu. Mpelekee kwanza huyu mzee wa Ngamiani, ana kibanda chake cha redio si mbali na Soko la Mgandini. Nimesubiri wiki sita kabla ya kuandika, nimeshaipiga kwenye harusi nne, kwahiyo nnachosema nimekijaribu.

Yangu ni Vox AC30, ile ya Muingereza, ya kizamani yenye spika mbili za inchi 12. Ilikua ya marehemu baba mdogo, alipiga solo hapa mjini enzi zile Jamhuri Jazz na Atomic Jazz wanatamba, na hata taarab za Black Star na Lucky Star zilikua na gitaa la umeme ndani. Wengi mliokulia hapa mnaijua ile sauti, gitaa lina utamu kama linaimba, likibonyezwa kidogo linakwaruza kwa mbali halafu linarudi. Ile sauti ndo nlikua naitafuta.

Mwaka jana niliipeleka kwa fundi mmoja Dar, akaniambia valvu zote zimekufa, nikanunua seti nzima, hela nyingi, ikarudi inaunguruma vilevile na gitaa linalia kama liko ndani ya debe. Miezi minne tu valvu mbili zikafa. Niliumia sana, maana hii kitu kwetu sio chombo tu, ni ukumbusho.

Nilivofika kwa mzee nikamwamkia, akaitikia "marhaba mwanangu, gitaa liko wapi?" Nikamwambia nimeleta amplifaya tu. Akakataa kuifungua. "Nitatibu nisichokisikia?" Nikarudi Makorora na bajaji kuchukua gitaa. Akanipigisha kama dakika ishirini, polepole, kwa nguvu, nyuzi za juu tupu, besi tupu, yeye kainamisha kichwa karibu na spika hasemi kitu. Kwangu mimi hapo tu ameshapata nusu ya alama, kwasababu fundi wa kwanza hakuwahi kuniuliza inalia vipi.

Alipoifungua akaniita nione fyuzi. Ilikua imezungushiwa ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara! Yani fyuzi ilikatika kwasababu ndani kuna tatizo, mtu akaona dawa ni kuifunga mdomo. Mzee akaitoa na koleo akaniwekea kiganjani, akasema hii ingekuunguzia transfoma na transfoma ya hivi hupati tena. Afu akaangalia kiswichi cha volti kule nyuma, hizi amplifaya zina pa kuchagua volti, yangu ilikua imewekwa chini kuliko umeme wetu wa 230, kwahiyo ndani kila kitu kinapata volti kupita kiasi. Zile valvu nne kubwa ni EL84, moja inahimili wati 12, na AC30 tangu ilivotengenezwa inazikimbiza hapohapo mwisho wa uwezo wake, ukiongeza na volti ya ziada zinapikika. Ndo zilivokufa zangu.

Muungurumo ulikua ni kapasita za kuchuja umeme, zimekauka kwa uzee na moja imevimba. Hapa naomba mnisikilize vizuri, msijaribu wenyewe nyumbani. Hizo kapasita zinashika volti mia tatu na kitu hata ukishachomoa waya ukutani, zinaua. Mzee alizimwaga umeme kwanza kwa rezista, kile kidude cha kupunguza kasi ya umeme, yenye waya zilizovaa mpira, mkono wa kushoto kauweka mgongoni muda wote ili umeme ukimpiga usipite kifuani, akapima na mita mpaka ikasoma sifuri, afu akapima tena. Ndo akagusa.

Valvu ndogo, zile ECC83, hakutupa hata moja. Aliiwasha, akafungua sauti, akawa anazigonga moja moja na penseli, tik, tik, zote kimya ila ya kwanza kabisa ikalia ngiii kwenye spika kama kengele. Hiyo akaihamisha nafasi isiyo na kelele na nzuri akaileta mbele. Soketi zilikua na ukungu wa kijani kwenye miguu, chumvi ya bahari hiyo, wanaopiga Raskazone kule ufukweni mnaijua, akazisugua zote na nobu zikaacha kukwaruza. Mwisho ndo tukaagiza EL84 mbili kuziba zile zilizokufa, akazipima kwanza zilingane na wenzake.

Ikarudi ile sauti. Baba mkubwa alikua amekaa nje barazani, nilivopiga tu akainuka akaja kusimama mlangoni, hajasema neno.

Kuhusu toni yenyewe mzee alinifundisha mambo ambayo sikuyajua. Ile nobu iliyoandikwa Cut inafanya kazi kinyume, ukiiongeza ndo unapunguza ukali, mie miaka yote naizungusha mpaka mwisho nikidhani naipa uhai kumbe naiziba. Saivi iko robo. Sauti naifungua karibu nusu, hapo valvu zinaanza kufanya kazi kweli, halafu kelele nazitawala kwa nobu ya gitaa, nikitaka safi narudisha kidogo, nikiingia solo nafungua. Usiiweke chini kwenye sakafu ya saruji, besi inavimba inameza waimbaji, ipandishe kwenye kiti au kreti la soda. Na ukumbi mkubwa weka maiki mbele ya spika, usiongeze sauti, wati 30 za valvu ni nyingi kuliko zinavosikika kwa jina, tulivunja maelewano na mpiga kinanda harusi nzima kabla sijaelewa hilo. Ukimaliza kupiga iache ipoe robo saa ndo uibebe.

Lawama ninazo. Ni mtu wa polepole, aliniambia wiki moja ikawa wiki tatu na simu hapokei. Risiti hatoi, kwahiyo andikianeni bei mapema. Mimi nililipa laki moja na ishirini ya ufundi, vipuri mbali. Na pale dukani ni padogo, hakuna pa kukaa na amplifaya ya kilo thelathini na kitu, njoo na mtu wa kukusaidia kushusha.

Nampa nne na nusu kati ya tano. Nenda asubuhi kabla ya adhuhuri, Ijumaa usihangaike, na beba gitaa lako na waya wako uleule unaopigia, bila hivyo haifungui.