Klorini ya unga au ya maji kwa wodi ya mahema, Lamu

Kusafishia sakafu, vitanda na buti za wauguzi wa kipindupindu kwataka klorini ya asilimia 0.5. Ya maji, ile ya asilimia 3.5, huchanganywa kipimo 1 kwa maji 6. Ni rahisi, lakini dumu la lita 20 hula karibu lita 3, na joto la Lamu huidhoofisha ingali ghalani. Unga wa asilimia 70 wataka gramu 143 tu kwa dumu hilo, mzigo mwepesi kuvushwa kutoka Mokowe, gati ya bara. Twachagua unga. Ila vumbi lake huunguza macho na mapafu: vaa miwani, barakoa na glavu, changanyia nje, tangulia maji ndipo unga. Mashapo ya unga yasipotuama, bomba la kupulizia huziba. Kopo lifungwe kabisa, unyevu huuharibu. Dawa ichanganywe upya kila siku. Mikono huoshwa kwa sabuni, au klorini ya asilimia 0.05.