Darubini ya Kutazamia Ndege Majira ya Baridi: Uliza Kwanza Kuhusu Ukungu

Mwishoni mwa Januari, katika ile saa moja ya kuhesabu ndege wa bustani ambayo RSPB, shirika la kuhifadhi ndege, huiandaa kila mwaka nchini Uingereza, nilitoka jikoni kwenye joto nikiwa na darubini mpya, na kabla sijamwona hata robini mmoja ukungu ulikuwa umetanda ndani ya lenzi. Ukungu wa pumzi unaoganda nje hufutika kwa kitambaa. Huu wa ndani haufutiki. Hewa yenye unyevu iliyofungiwa ndani ya darubini ikigusa kioo kilichopoa huacha matone, na hali hiyo ikijirudia kuvu huweza kuota juu ya kioo.

Kuhusu ukuzaji sina mengi: chagua 8x42, yaani inayokuza mara nane kwa lenzi za mbele za milimita 42, kwa kuwa jua la Desemba jijini London huzama kabla ya saa kumi jioni, na lenzi pana kiasi hicho huingiza mwanga unaohitajika chini ya miti. Swali la kumbana nalo muuzaji ni iwapo darubini imezibwa kabisa na kujazwa nitrojeni kavu, gesi isiyo na unyevu wa kuleta ukungu ndani.

Nafasi ya kwanza naipa Nikon Monarch M5 8x42, na sifichi kwamba naipendelea. Ina nitrojeni, uzito wake ni takriban gramu 630, nami nimeitoa nje umande ukiwa umeganda kwenye nyasi, nikamfuata Regulus regulus, ndege wa gramu 5 au 6 mwenye mstari wa manjano utosini, akirukaruka kwenye misonobari, na kioo hakikufifia hata mara moja. Ya pili ni Zeiss Terra ED 8x42, yenye nitrojeni pia, ingawa huelemea shingo zaidi. Swarovski NL Pure inazishinda zote kwa uangavu, lakini bei inayozidi pauni 2,000 inaishusha hadi ya tatu. Vidarubini vya kukunja vya bei ndogo viache.

Kinachoniuma ni lugha ya wauzaji. Tangazo la darubini yangu ya kwanza lilisema "inastahimili maji". Nilipoirudisha, nikaambiwa kwamba maneno hayo yanahusu manyunyu ya nje tu, na kwamba ukungu wa ndani ni kawaida ya baridi, si hitilafu. Neno nitrojeni halikuwamo kwenye tangazo wala kwenye kasha, na fedha yangu haikurudishwa.