Chama cha udugu cha Kiasia chuoni: nyota nne

Mimi mtoto wa Tanga, nasoma California, na mwaka jana nilijiunga na chama cha udugu (fraternity, yaani kundi la wanafunzi wa kiume wanaochukuliana kama ndugu) cha wenye asili ya Asia. Si lazima uwe Mwasia. Vyama hivi si vya jana: Pi Alpha Phi kilianzia Berkeley mwaka 1929, enzi Waasia wakifungiwa milango kwingine.

Kilichonikamata ni kazi ya kutafuta wachangiaji wa uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Tunasimama nje ya maktaba, tunapitisha kijiti cha pamba ndani ya shavu la anayejitolea ili apimwe kama anaweza kumfaa mgonjwa, kwa sababu mgonjwa wa Kiasia hupata tabu kumpata mchangiaji anayelingana naye. Kaka niliyepangiwa chamani, mwanachama wa zamani wa kuniongoza, hunipigia simu kila mtihani ukikaribia. Hilo pekee lina thamani kubwa kwangu.

Nyota moja nimeikata kwa ajili ya ada, ni kali. Ulizia mapema. Na popote watakapokulazimisha kunywa pombe, ondoka hapo hapo.