King'amuzi kilinikatia fainali ya NBA, nikaambiwa nisubiri marudio

Kifurushi kikubwa cha king'amuzi nakilipia kwa sababu moja tu: NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Tamthilia sina shida nazo. Kampuni sitaitaja, lakini wateja wenzangu mtaijua kwa tabia zake.

Ilikuwa mechi ya kwanza ya fainali za 2025, Oklahoma City Thunder na Indiana Pacers. Kwa saa za mashariki ya Marekani inaanza saa mbili na nusu usiku, kwetu Dar ni saa tisa na nusu usiku. Anayeamka saa hiyo, na asubuhi ana kazi, ameupenda mchezo huu kwelikweli. Robo ya nne Pacers wako nyuma kwa pointi 15, mara wakaanza kurudi. Nimesimama, siwezi hata kukaa. Zikiwa zimebaki dakika chache, picha ikakatika, yakatokea maandishi: lipia kifurushi chako.

Nilipie mara ngapi? Nilishalipa jioni ile kwa simu, ujumbe wa muamala ninao mpaka leo, na robo tatu nzima nimezitazama kwa malipo hayohayo!

Nikapiga huduma kwa wateja. Bonyeza moja, muziki, bonyeza sifuri, muziki tena. Akapokea dada mmoja, sauti imejaa kero. "Kwani saa hizi kuna mpira gani, kaka?" Nikamwambia ni kikapu, fainali ya NBA. Akacheka. "Basi si usubiri marudio? Matokeo hayabadiliki." Akakata.

Ndani ya dakika hizohizo Tyrese Haliburton wa Pacers alirusha mpira ukaingia, zikabaki sekunde 0.3. Pacers 111, Thunder 110. Mechi nzima Pacers hawakuwahi kuongoza isipokuwa katika hizo sekunde 0.3, na mimi naangalia maandishi ya lipia kifurushi! Mshindi nikamjua kwa ujumbe wa rafiki.

Picha kukatika ningesamehe, mitambo huharibika. Kicheko kile sisamehi. Hii ndiyo nchi iliyomtoa Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili NBA ilipogawana wachezaji wapya mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Leo mtu anayelipwa kwa pesa zetu anaona kikapu si mpira wa kumwamsha mtu.

Kwa hasira nikajiunga na League Pass, huduma ya NBA yenyewe ya kutazama mechi mtandaoni, kwenye simu, kwa kadi ya benki. Jamani, kumbe nilichelewa. Huku kwetu hakuna yale mambo ya kufungiwa mechi za timu za nyumbani kama wanavyofanyiwa Wamarekani. Unaweza kuficha matokeo, ukalala, ukaamka ukatazama mechi nzima bila kujua nani kashinda. Ipo na mechi iliyofupishwa, ya kutazama kabla ya kwenda kazini. Mechi ya saba, ya kuamua bingwa, alfajiri ya Jumatatu, niliitazama humo, nikamwona Haliburton akianguka robo ya kwanza kwa jeraha la kano ya kisigino. Iliniuma kama mdogo wangu. Thunder wakachukua kwa 103 kwa 91.

Sitasema League Pass haina kasoro. Bando inalila vibaya mno, na mtandao ukiyumba picha inakuwa ukungu. Tena kikapu cha kutazama peke yako kwenye kioo cha simu, bila watoto kupiga kelele pembeni, kinapoa. Kwa haki kabisa, king'amuzi kikiwa sawa picha yake ni safi, sebule nzima inafaidi, huna wasiwasi wa bando. Nilipoanza kuandika nilipanga kuwapa nyota tatu kwa ajili hiyo.

Lakini mpaka sasa hakuna aliyenipigia simu. Niliandika malalamiko, nikajibiwa kwa ujumbe wa kushukuru kwa kuwa mteja mwaminifu na tangazo la kifurushi cha bei juu zaidi. Cha bei juu zaidi! Nyota moja, na hiyo ni ya fundi aliyekuja kufunga dishi, kijana mstaarabu sana.